Kidole na Kioo: Historia ya Skrini ya Mguso

Skrini ya mguso ni kioo chenye kazi mbili zinazofanyika mahali pamoja: humwonyesha mtumiaji habari, na papo hapo hupokea amri yake kwa njia ya kidole. Kabla ya kuwapo kwake kazi hizo zilitenganishwa, kwani macho yalitazama kioo huku mikono ikishughulika na vitufe, swichi na vishikizo vilivyowekwa pembeni, na mtu alilazimika kujifunza uhusiano uliopo kati ya alichokiona na alichokibonyeza. Historia ya teknolojia hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza mwaka 2007, simu ya iPhone ilipoingia sokoni, ilhali wakati huo wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kutimiza miaka 40 na zaidi. Kilichochelewa si namna ya kukitambua kidole, jambo lililopatiwa ufumbuzi mapema na kwa njia zaidi ya moja, bali ni mambo yanayokizunguka kidole: kioo kisichokwaruzika upesi, chipu ndogo zenye kasi, programu zinazoelewa alichokusudia mtu, na bei ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kuimudu.

Vyumba vya kuongozea mitambo

Chimbuko la skrini ya mguso limo katika vyumba ambamo watu wachache waliongoza mitambo mikubwa. Mwaka 1965 mhandisi Mwingereza E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika taasisi ya serikali ya utafiti wa rada mjini Malvern, alichapisha makala fupi iliyoeleza kioo cha kompyuta kinachopokea maagizo kwa kuguswa, na mwaka 1967 akaifuatishia makala ndefu zaidi yenye maelezo na picha. Kazi aliyoilenga ilikuwa ya waongoza ndege, ambao walipaswa kufuatilia ndege nyingi kwa pamoja na kuipa kompyuta habari zake bila kupoteza muda, ilhali kuandika kila kitu kwa kibodi kuliwachelewesha na kuwatia makosani. Johnson alipitisha nyaya za shaba juu ya kioo, ncha za nyaya hizo zikikaa mbele ya maneno yaliyoonyeshwa, na aliyegusa ncha mojawapo alikuwa amelichagua neno lililokuwa nyuma yake.

Njia hiyo ilitegemea kapasitansi, yaani uwezo wa kitu kuhifadhi chaji za umeme. Mwili wa binadamu, kwa kuwa umejaa maji yenye chumvi, hupitisha umeme, na kidole kinaposogea karibu na waya wenye chaji kiasi kidogo cha chaji huhamia kwenye mwili. Mabadiliko hayo, ingawa mtu hayahisi kamwe, hupimika kwa saketi ya kielektroniki. Kanuni hii ndiyo iliyomo hadi leo katika karibu kila simu janja, na ndiyo sababu kioo cha simu hukitambua kidole kitupu lakini hukipuuza kidole kilichovaa glavu nene au kijiti kikavu.

Miaka michache baadaye tatizo la aina hiyo hiyo lilijitokeza katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha CERN, karibu na Geneva. Kituo hicho kilikuwa kinajenga mtambo wa kuongezea protoni kasi ulioitwa Super Proton Synchrotron, wenye mzingo wa kilomita 7 hivi, na ilionekana dhahiri kwamba kuuongoza kwa njia ya zamani kungehitaji maelfu ya vitufe, vishikizo na saa za vipimo, kiasi ambacho hakuna chumba wala mwendeshaji angekihimili. Frank Beck, aliyesimamia chumba cha uongozaji, alitaka waendeshaji wachache wakae mbele ya meza ndogo zilizounganishwa na kompyuta, na kazi ya kutafuta vifaa akamwachia mhandisi Mdenmaki Bent Stumpe. Katika waraka alioandika kwa mkono tarehe 11 Machi 1972, Stumpe alipendekeza vifaa vitatu, kikiwamo kioo chenye idadi maalumu ya vitufe ambavyo maandishi yake yangebadilika kulingana na kazi iliyokuwa ikifanyika. Vitufe hivyo vilitengenezwa kwa kuchonga mistari ya shaba juu ya glasi, mistari yenye upana wa sehemu ndogo sana ya milimita, ili macho ya mwendeshaji yaone maandishi yaliyo nyuma yake bila kuiona shaba yenyewe. Mtambo ulipoanza kazi mwaka 1976, vioo hivyo vilikuwa mezani.

Umuhimu wa kazi ya CERN hauko katika kipimo cha umeme peke yake, bali katika wazo lililoambatana nacho. Kitufe cha chuma kina jina moja na kazi moja tangu siku kinapofungwa hadi siku kinapong'olewa, lakini kitufe kilichochorwa kwenye kioo kinaweza kuwa cha sumaku asubuhi na cha pampu adhuhuri, hivyo vitufe 16 vikatosha kufanya kazi ya maelfu. Skrini ya mguso ilitafutwa, basi, kama dawa ya wingi wa vitufe, na raha ya kugusa haikuwa sehemu ya hesabu.

Njia za mgandamizo na mwanga

Wakati huo huo, na pasipo kutegemea kazi za Ulaya, Wamarekani walifikia kioo cha mguso kwa njia nyingine mbili. Ya kwanza ilitokana na Sam Hurst, mwanafizikia wa maabara ya taifa ya Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, ambaye alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Kentucky alikabiliwa na rundo la grafu zilizochorwa na vyombo vya majaribio, grafu ambazo zingewachukua wanafunzi muda mrefu kuzisoma nukta kwa nukta. Alitumia karatasi inayopitisha umeme, ambayo nukta yoyote iliyoguswa juu yake ilitoa vipimo viwili vya volti, kimoja kikionyesha umbali wa mlalo na kingine umbali wa wima. Aliporejea Oak Ridge alianzisha kampuni ya Elographics mwaka 1971, na katika miaka iliyofuata kifaa hicho cha kusomea grafu kiligeuzwa kuwa utando unaopitisha mwanga, unaoweza kubandikwa juu ya kioo cha kuonyeshea.

Skrini za ukoo huu huitwa skrini za ukinzani, kwa sababu hupima ukinzani wa umeme. Zina tabaka mbili zilizopakwa oksidi ya indiamu na bati, mchanganyiko wenye sifa adimu ya kupitisha umeme na mwanga kwa pamoja, na kati ya tabaka hizo huwekwa vidoto vidogo vya kuzitenganisha. Kidole kinapobonyeza, tabaka ya juu hujikunja na kugusana na ya chini, na volti inayopimwa mahali pa mgusano hueleza nukta iliyobonyezwa. Skrini hizo zilikuwa za bei nafuu na zilikubali glavu, ukucha au kalamu, hivyo zikaenea viwandani, madukani na katika vyombo vya hospitali. Udhaifu wake ni kwamba zilihitaji kubonyezwa kwa nguvu kidogo, zilipunguza mwanga, na kwa kawaida zilitambua nukta moja tu kwa wakati mmoja.

Njia ya pili ilitumia mwanga. Katika Chuo Kikuu cha Illinois, mfumo wa elimu kwa kompyuta ulioitwa PLATO, ulioongozwa na Donald Bitzer, ulipata mwaka 1972 kizazi chake cha nne, ambacho kioo chake cha plazma kilizungukwa na taa ndogo za miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Miale hiyo ilipishana juu ya kioo na kugawa uso wake katika miraba 16 kwa 16, na mwanafunzi alipoelekeza kidole kwenye jibu, kidole kilikata mwale mmoja wa mlalo na mmoja wa wima, na kompyuta ikajua mraba aliouchagua. Kwa mara ya kwanza skrini ya mguso ilitoka mikononi mwa wataalamu wachache ikafika kwa wanafunzi wa kawaida, na hata mtoto asiyejua kutumia kibodi aliweza kulijibu swali.

Sababu za kusubiri

Kufikia mwaka 1975, kwa hiyo, njia tatu za msingi zilikwisha kujulikana, na msomaji anaweza kujiuliza kwa nini ilipita miaka mingine 30 kabla ya kioo cha mguso kuingia mfukoni. Sehemu ya jibu inaonekana katika kompyuta ya HP-150 iliyotolewa na kampuni ya Hewlett-Packard mwaka 1983, iliyokuwa miongoni mwa kompyuta za kwanza za ofisini kuuzwa na skrini ya mguso. Miale yake ya infraredi ilipita katika vitundu vidogo vilivyozunguka kioo, na vitundu hivyo viliziba kwa vumbi, vikahitaji kusafishwa mara kwa mara. Kosa lililo kubwa zaidi lilihusu mwili wa mtumiaji: kioo kilichosimama wima mezani kilimtaka mtu anyooshe mkono hewani muda wote wa kazi, na baada ya dakika chache bega lilichoka. Kipanya, ambacho humwacha mtu alaze mkono mezani, kilishinda ofisini kwa sababu hiyo, na skrini ya mguso ikabaki mahali ambapo mtu hugusa mara chache kisha akaondoka, kama vile mashine za kutolea fedha, maduka na migahawa.

Katika vyuo na maabara utafiti haukukoma. Mwaka 1982 Nimish Mehta wa Chuo Kikuu cha Toronto alitengeneza kifaa kilichotambua vidole kadhaa kwa pamoja kwa kutumia kamera iliyotazama kivuli cha vidole nyuma ya glasi yenye ukungu, na mwaka 1985 kundi la chuo hicho hicho, akiwamo Bill Buxton, lilieleza ubao wa kapasitansi wenye uwezo kama huo. Mguso wa vidole vingi ulibadilisha tabia ya kioo, kwani kidole kimoja huweza kuchagua tu, ilhali viwili huweza kushika, kuzungusha, kutanua na kubana, kama vile mkono unavyofanya na kitambaa kilichotandikwa mezani.

Upande wa simu, kampuni ya IBM ilitengeneza Simon, iliyouzwa nchini Marekani kuanzia Agosti 1994, simu iliyoondolewa vitufe vya namba na kuwekewa kioo cha mguso chenye kalenda, barua pepe na faksi. Ilikuwa na uzito wa takriban nusu kilo, betri yake ilidumu saa moja hivi ya matumizi, na zikauzwa karibu 50,000 tu kabla ya kuondolewa sokoni. Vifaa vya mkononi vya Palm, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1996, vilifanikiwa zaidi kwa kukubali mpaka wa teknolojia ya wakati wake: vilitumia skrini ya ukinzani na kalamu ya plastiki, na badala ya kompyuta kujifunza mwandiko wa mtu, mtu ndiye aliyejifunza mwandiko uliorahisishwa kwa ajili ya kompyuta. Kwa takriban miaka 10 iliyofuata, kugusa kioo cha mkononi kulimaanisha kukigusa kwa kalamu.

Mwaka 2007

Kidole kilirudi kupitia mtu aliyekuwa akiumwa mikono. Wayne Westerman, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Delaware, alisumbuliwa na maumivu ya kuandika kwa kibodi, na pamoja na mwalimu wake John Elias akabuni ubao laini uliosoma miondoko ya vidole vyote kwa wepesi. Kampuni yao, FingerWorks, ilinunuliwa na kampuni ya Apple mwaka 2005, wakati ambapo Apple ilikuwa ikitafuta namna ya kutengeneza kifaa kisicho na kalamu wala kibodi. Tarehe 9 Januari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliitambulisha iPhone mjini San Francisco, na ikaanza kuuzwa tarehe 29 Juni mwaka huo. Kampuni ya LG ilikuwa tayari imetangaza simu ya Prada yenye kioo cha kapasitansi, hivyo upya wa iPhone haukuwa katika aina ya kioo bali katika jinsi programu, kioo na kidole vilivyopatanishwa.

Mfano mmoja wa upatanisho huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Ncha ya kidole ni pana kuliko herufi ya kibodi iliyochorwa kwenye kioo cha inchi 3.5, hivyo kidole kilichokusudia herufi moja hufunika sehemu ya herufi mbili au tatu. Timu ya Apple, ambayo ndani yake Ken Kocienda alishughulikia kibodi, haikuweza kukipunguza kidole, kwa hiyo iliibadilisha kibodi kwa siri: programu hukadiria herufi inayoelekea kufuata, kisha hupanua eneo la mguso la herufi hiyo na kupunguza la jirani zake, huku mchoro unaoonekana ukibaki vilevile. Mtumiaji hudhani kuwa amelenga sawasawa, kumbe shabaha ndiyo iliyosogezwa kumpokea.

Kioo chenyewe kilikuwa na historia yake. Uso wa plastiki, uliozoeleka katika simu za awali, ulikwaruzwa na funguo mfukoni, na glasi ya kawaida ingevunjika upesi. Kampuni ya Corning ilikuwa imefanya majaribio ya glasi iliyoimarishwa kwa kemikali tangu miaka ya 1960 ikakosa soko la kutosha, na sasa ikaifufua kazi hiyo katika kiwanda chake cha Harrodsburg, katika jimbo lile lile la Kentucky ambako Hurst alihangaika na grafu zake. Glasi huchovywa ndani ya chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi za Selsiasi. Ayoni ndogo za sodiamu hutoka, ayoni kubwa za potasiamu huingia katika nafasi zisizozitosha, na kule kubanana kwake huufanya uso wa glasi uwe mgumu kupasuka.

Afrika Mashariki: kutoka kitochi hadi simu ya kupangusa

Washindani walifuata haraka. Simu ya kwanza ya mfumo wa Android, HTC Dream, ilitoka Oktoba 2008 ikiwa na kioo cha mguso pamoja na kibodi halisi iliyofichwa chini yake, kana kwamba watengenezaji hawakuwa bado na imani kamili na kioo. Baada ya muda mfupi kibodi hizo zilitoweka. Kwa kuwa Android ilitolewa kwa watengenezaji wengi, viwanda vya Shenzhen nchini China viliweza kushusha bei ya simu za mguso kwa kasi, na mlango huo ndio uliozipitisha hadi Afrika Mashariki.

Ikumbukwe kwamba mapinduzi makubwa ya simu katika eneo hili yalitokea kabla ya kioo cha mguso kuwasili. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya Machi 2007, chini ya miezi minne kabla ya iPhone kuuzwa Marekani, nayo ilifanya kazi katika simu za vitufe za bei ya chini, ambazo betri zake zilikaa na chaji siku kadhaa na tochi yake iliangaza njia usiku. Watanzania waliziita vitochi kwa sababu ya tochi hiyo, na Wakenya wakaziita mulika mwizi. Mwanzoni mwa 2011 kampuni ya simu ya Safaricom ilianza kuuza Kenya simu ya Huawei Ideos yenye kioo cha mguso kwa bei ya takriban dola 80, na baadaye simu za Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion, zikasambaa hadi miji midogo zikiwa na nafasi ya laini mbili na bei inayopungua mwaka hadi mwaka. Lugha nayo ilipokea mabadiliko hayo kwa kutaja tendo la mkono, na mitaani ikazaliwa simu ya kupangusa, kwa jinsi kidole kinavyopita juu ya kioo kama kinachofuta vumbi, au simu ya tachi, jina linalotofautiana na tochi kwa irabu moja tu.

Kioo kikubwa zaidi, kilichopewa jina la kishikwambi, kilifika vijijini kwa njia ya serikali. Kenya ilifanya sensa yake ya Agosti 2019 kwa kutumia vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na Tanzania ikafanya hivyo Agosti 2022, ambapo baada ya sensa serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Karani aliyetembea nyumba kwa nyumba hakuhitaji kompyuta wala meza, jambo lililotimiza katika mazingira mengine kabisa lengo la Beck na Stumpe la kuweka maswali mengi ndani ya eneo dogo.

Uenezi huo ulizaa pia kazi na gharama mpya. Kitochi kilipoanguka kilitawanyika vipande vitatu, kikakusanywa na kuwashwa tena. Simu ya kupangusa ikianguka, aliyeishika hutazama kioo kwanza. Kwa mafundi wa Kariakoo mjini Dar es Salaam au barabara ya Luthuli mjini Nairobi, kubadilisha kioo ni kazi ya kila siku. Katika simu za awali tabaka ya mguso ilitenganishwa na tabaka ya picha, na fundi aliweza kubadilisha ile iliyopasuka peke yake, lakini watengenezaji walipoziunganisha tabaka hizo ili kupunguza unene wa simu, ufa mdogo wa juu mara nyingi humaanisha kununua kioo kizima.

Kilichopotea na kilichorudishwa

Kioo laini kiliondoa pia kitu ambacho wengi hawakukiona kuwa mali mpaka kilipotoweka, yaani alama za kupapasa. Mtu asiyeona aliweza kupiga simu ya vitufe kwa kufuata kidoto kilicho juu ya namba 5, lakini kioo hakikumpa mahali pa kuanzia. Apple iliingiza katika iPhone 3GS ya mwaka 2009 programu ya kusoma skrini kwa sauti, ambayo hutamka jina la kitu kinachoguswa na kusubiri mguso wa mara mbili kabla ya kukitekeleza, na Android nayo ikapata programu ya aina hiyo. Hata hivyo ufumbuzi huo ulihamishia sikioni kazi iliyokuwa ya kidole.

Upungufu huo ulionekana wazi zaidi baharini. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Mlango-Bahari wa Singapore, na mabaharia 10 wakafariki. Uongozaji wa manowari hiyo ulifanywa kwa skrini za mguso, na wakati wa kuhamisha udhibiti kutoka meza moja hadi nyingine, rafadha mbili za meli zilitenganishwa bila wahusika kutambua, kasi ya moja ikapunguzwa peke yake, na meli ikakata kushoto. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali ililaumu mafunzo hafifu pamoja na usanifu wa mfumo huo, na mwaka 2019 jeshi la wanamaji likatangaza kwamba lingerudisha mikono ya chuma ya kudhibiti kasi katika manowari za aina hiyo. Katika barabara za Ulaya, shirika la Euro NCAP linalopima usalama wa magari limeweka masharti yanayoanza mwaka 2026, ambayo huzingatia kama gari lina swichi halisi za kazi za lazima kama vile honi, wipa na taa za kuashiria kona.

Skrini ya mguso ilizaliwa kwa sababu vyumba vya kuongozea mitambo vilikuwa na vitufe vingi mno, na hoja yake ya kwanza, kwamba kitufe kimoja kiweze kubadilika na kufanya kazi mia, ilikuwa sahihi na bado inaendesha benki, sensa na masomo kutoka kiganjani. Manowari zinazorudishiwa mikono ya chuma hazikuibatilisha hoja hiyo, ila zimeiwekea mpaka: panapohitajika chaguo nyingi katika nafasi ndogo, kioo kinachobadilika hakina mshindani, na panapohitajika tendo moja kwa haraka, macho yakiwa yameelekezwa kwingine, mkono huhitaji kitu kisichobadilika, kinachokaa pale pale kilipokuwa jana.